Magugu ya Douane

Jumanne asubuhi Réseau alifika kijiweni na habari kwamba sisi, watu wa mudugudu wetu, mtaa mdogo hapa Mbugangari, tumekuwa mfano wa kuigwa. Hakuna aliyeshtuka. Ukikaa muda mrefu kwenye benchi letu unazoea kusikia mambo makubwa kabla ya saa tatu.

Benchi lenyewe ni la mbao, liko nje ya duka la maziwa la mama Mukamusoni. Watu wa miji mingine wana kahawa yao. Sisi tunakunywa kivuguto, maziwa ya mgando yaliyopigwa vizuri, na chapati ya kusindikizia. Sheria yetu ni moja tu: hapa hakuna mtu anayesema jambo kwa uzito. Ukisema jino linauma, tutakuuliza umeliazima kwa nani. Mimi nimekulia Karagwe, kwa hiyo wananiita Bongo, na sheria hiyo niliikuta nikaipenda. Siku hizi siipendi sana, na nitaeleza kwa nini.

Réseau ni Bahizi, muuza vocha wa pale karibu na mpaka mdogo. Habari zote zinamfikia yeye kwanza, na nusu yazo ni za kweli.

"Ni redio moja ya mtandao njo imeandika," alisema, simu mkononi. "Sikilizeni. 'Mudugudu moja ya Rubavu imegeuza uwanja ya udongo mukavu kuwa busitani ya kijani, mu masaa mbili za umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Mimea ni ya asili, haitaki maji mingi, na maua yake ni ya bluu.' Franchement, batu bangu, ni siye."

"Masaa mbili?" Afande aliuliza. Huyu ni Nkusi, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda. Kiswahili chake ni cha kambini na hakiombi msamaha. "My friend, mimi nimefanya oparesheni miaka ishirini na mbili. Hakuna majani inaota kwa masaa mbili. Hata uyoga inaomba usiku moja."

"Redio njo inasema, si mimi. Iko na wafuasi elfu makumi ine."

"Basi ni kweli," nilisema. "Watu elfu arobaini hawawezi kudanganywa wote pamoja."

Mama Mukamusoni alitoka na jagi, akainama juu ya simu. Yeye hana jina la utani, kwa sababu mtu anayekupimia maziwa humchezei.

"Mbona hii ni kwa muzee Douane," alisema. "Mulango ya bluu ni yake, na ukuta ya mawe ni yake. Na huyu mwenye jembe ni Bongo. Anacheka na meno yote."

Nilishusha kikombe.

Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilionyesha uwanja mtupu, udongo mweusi uliofagiliwa, na sisi tumesimama na majembe kama timu iliyochukua kombe. Ya pili ilionyesha uwanja uleule ukiwa wa kijani kutoka ukutani hadi mlangoni, na vimaua vya bluu kila mahali. Tatizo lilikuwa dogo. Ile ya kijani ilipigwa saa mbili asubuhi, tulipofika. Ile ya udongo ilipigwa saa nne, tulipomaliza. Chef Narcisse, mkuu wa mudugudu wetu, alizituma zote kwa wakubwa bila neno hata moja, zikafika zimegeuka, na mtu fulani huko juu akafurahi.

"Kwa hiyo," Afande alisema taratibu, "tulianza na bustani, tukamaliza na jangwa."

"Bao banaona tulianza na jangwa," Réseau alimsahihisha.

"Na hiyo kitu inaitwaje?"

"Maendeleo," nilisema.

Tulicheka. Mama Mukamusoni hakucheka, akarudi ndani na jagi lake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Douane bado anakunywa maziwa hapa.

Douane ni mzee Evode. Miaka mingi alihangaika na makaratasi ya malori forodhani, ndipo jina lilipotoka. Ana binti, Uwimbabazi, na Jumamosi ya pili ya Agosti wageni wangekuja kwa gusaba, siku ya posa, ambapo koo mbili hukaa zikitazamana na wasemaji wao hurushiana maneno mpaka binti apatikane. Mkewe, mama Nyirarukundo, alitaka kukodi bustani ya kando ya ziwa, penye majani mazuri ya kupigia picha. Uwanja wao unapigwa na jua tangu linapochomoza hadi linapozama, na pasparumu, yale majani laini ambayo kila mwenye nyumba hapa anayapanda ili aonekane ana nyumba, huko kwao yalikuwa yanakufa kila kiangazi. Douane alikataa. Alisema binti anaombwa nyumbani kwa baba yake, si mahali ambapo baba mwenyewe ameingia kwa kulipia. Wakaafikiana: siku ile ikikuta kijani mbele ya nyumba, wageni waje nyumbani. Ikikuta vumbi, ziwani.

Basi Aprili, mvua zikiwa bado zipo, aling'oa pasparumu yote. Akapanda gari kwenda kwa kaka yake, huko Busasamana, akarudi na magunia mawili ya uruteja. Najua yalikuwa mawili kwa sababu mimi nilimsaidia kubeba moja kutoka stendi.

Uruteja ni lile gugu linalotambaa, shina lake lina vifundo, majani yake yameshiba maji, ua lake ni dogo la bluu. Linaota lenyewe kila mahali katika nchi hii na kila mkulima analitukana. Kule Karagwe tulilichumia sungura. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kulipanda.

Alitueleza hapa hapa, kwenye benchi, mwezi ule ule.

"Bon, unakata kipande ya urefu ya kiganja," alisema. "Vifundo tatu. Mbili chini ya udongo, moja juu. Kati ya kipande na kipande unaacha nafasi ya muguu. Mbolea usitie, inaipatia kiburi. Unaipa maji ya kuosha vyombo wiki mbili tu, kisha unaiacha. Ukikata ncha, inaenda pembeni. Jua njo inafurahia."

"Na sungura watakaa wapi siku ya posa?" Afande aliuliza. "Mbele na wazee, ama nyuma na vijana?"

"Mi nitakuja na mbuzi," Réseau alisema. "Isikose kula ku harusi ya ndugu yetu."

Douane alitabasamu, akasema tena kwamba anataka wageni wakute majani yake. Tukacheka tena. Tulidhani anafanya kama sisi wote: jambo likikushinda, unaligeuza kichekesho kabla wengine hawajaligeuza.

Julai ikaja. Maji ya bomba yakawa yanatoka mara mbili kwa wiki, na kumwagilia majani kukapigwa marufuku mpaka mvua irudi. Pasparumu zote zikawa na rangi ya chapati, ya Chef Narcisse ikiwa imeungua zaidi. Kwa Douane kulikuwa kijani. Kila asubuhi maua yalifunguka, na ikifika saa sita yalijifunga, yamemaliza kazi. Tulipita pale kila siku tukielekea kwenye maziwa. Sikumbuki mtu aliyesema neno.

Halafu ikaja Jumamosi ya umuganda. Douane alikuwa Busasamana kumwalika kaka yake. Chef Narcisse alitukusanya mbele ya lango la Douane akatoa hotuba. Alisema jirani yetu anangoja wageni wakubwa, na tutazame uwanja wake ulivyomezwa na magugu. Alisema uzee umemshinda na anaficha kwa mizaha. Alisema umuganda wa leo ni umuganda wa upendo.

Upendo hauna mtu wa kuukatalia, hasa ukiwa umeandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Tukalima. Mama Nyirarukundo alitoka kwenye veranda akatuletea maji ya kunawa, na tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake. Mimi nilijua yamepandwa. Nilibeba lile gunia kwa bega langu. Lakini wote walikuwa wameshika majembe, na mtu aliyesimama mikono mitupu anaonekana mvivu, kwa hiyo nilishika la kwangu na nikawa wa kwanza kufika ukutani. Hapo ndipo walipopiga ile picha ya meno.

Sasa Jumanne hii, kicheko kikiwa hakijakauka, Douane alikuja. Alikaa mwisho wa benchi. Alipewa kikombe chake na hakukigusa.

"Muzee, habari ya Busasamana?" Réseau aliuliza.

"Iko."

"Na kaka?"

"Iko."

Afande alikohoa. "Mzee Douane, tulikufanyia kazi kidogo hapo nyumbani. Surprise."

"Nimeona," Douane alisema. "Nilifika siku ya Mungu, Jumapili mangaribi. Nikafungua portail, nikaifunga tena. Nilifikiri nimekosea nyumba."

Afande alinyanyua kikombe kilichokuwa kitupu, akanywa.

"Mama Nyirarukundo anasemaje?" nilithubutu.

"Ameshapigia batu ba ziwa. Kesho anapeleka avansi, pesa ya kushika nafasi. Tulikuwa na mapatano, na yeye ni mutu wa neno yake." Alichukua simu kutoka kwa Réseau bila kuomba, akaitazama, akaigeuza upande wangu. "Bongo, huyu ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Na gunia, ni nani alilibeba?"

"Ni mimi pia."

"Bon," alisema, akamrudishia Réseau simu yake.

Nilitazama chapati yangu. Aibu niliyoisikia ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na umri wangu ni miaka hamsini na moja.

Chef Narcisse ndiye aliyetuokoa, au alidhani anatuokoa. Alikuja akitembea haraka, jasho shingoni, kofia mkononi.

"Muzee Evode, Mungu akubariki," alianza. "Nimepigiwa simu sasa hivi. Wageni banakuja. Ijumaa ya wiki ijayo, batu ba maana, na kamera. Banataka kuona busitani."

"Busitani gani?" Douane aliuliza.

"Ile ya... ile yako."

"Ile mulilima?"

"Ile tulihudumia," Chef alisema. "Donc, tunaweza kuirudisha?"

"Waambie ukweli tu, Chef," Afande alimshauri. "Sema picha ziligeuka. Ripoti ya mstari moja."

Chef alimtazama kwa macho ya mtu aliyeshauriwa aruke kutoka juu ya volkano. "Balishanipongeza," alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya group yote."

Douane alisimama. Alichukua kigoda cha mama Mukamusoni, akakiweka ng'ambo ya njia, akakaa akitutazama uso kwa uso, mikono juu ya magoti.

"Sawa," alisema. "Mi niko famille ya binti. Nyinyi muko wageni. Semeni mumekuja kutafuta nini."

Tulielewa mara moja. Kila mtu hapa amekaa kwenye gusaba hamsini. Afande, ambaye hutumwa kuwa msemaji wa watu kwa sababu ya sauti, alivua kofia akasimama. Mama Mukamusoni, bila kuulizwa, alileta jagi zima la kivuguto akaliweka katikati, kwa kuwa mtu haombi binti mikono mitupu.

"Wazee wa nyumba hii, salamu," Afande alisema. "Tumetoka mbali. Tumesikia kwenu kuna binti mzuri."

"Hapa binti ni mingi. Munamutaka yupi?"

"Mwenye maua ya bluu."

"Huyo hayuko. Jumamosi balikuja batu na majembe, bakamutoa inje. Hawakubisha hodi."

"Hao watu tumewasikia. Walikuwa na nia njema."

"Mumoja kati yao alikuwa anacheka. Ni ndugu yenu?"

Afande alinitazama kidogo. "Ni ndugu yetu. Hatumkatai, ila hatukumtanguliza."

"Na juu ya nini munamutaka leo?" Douane aliendelea. "Alikuwa hapa miezi ine. Mulipita mbele yake kila asubuhi mukienda kunywa maziwa. Hakuna mutu alisema hata 'anapendeza'. Sasa redio imeona picha yake, munarudi kuposa."

Réseau alianza kusafisha kioo cha simu kwa shati. Chef Narcisse alikuwa anageuza kofia yake kama usukani.

"Mzee," nilisema, ingawa mimi sikuwa msemaji. "Hatukukuamini."

"Hamukuamini nini?"

"Kwamba unasema kweli. Hapa hakuna mtu anayesema kwa uzito."

"Mi nilisema." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Nilisema ku hii benchi, na kinywa yangu, mbele yenu bote. Nilisema nataka wageni bakute majani yangu. Ningesema namna gani tena, Bongo? Niandike barua, nitie na kashe, muhuri ya ofisi? Binti yangu ni mumoja. Nilitaka atoke ku mulango yangu. Jumapili nilikaa pale ku veranda nikalia, na mama yake akafikiri ni mavumbi."

Njia ilikuwa na watu wanaopita, pikipiki, mwanamke na beseni la karoti. Sisi wanaume wanne tukatazama jagi la maziwa.

"Tunaomba msamaha, mzee," Afande alisema hatimaye, na safari hii hakuwa anaigiza msemaji.

Douane alivuta jagi la kivuguto upande wake. Kisha akatoa masharti. Uruteja urudishwe kipande kwa kipande, kwa mkono, na mtu asiguse jembe. Kila nyumba ya mudugudu ilete maji yake ya vyombo kila asubuhi, kwa siku kumi. Chef aende mwenyewe kwa mama Nyirarukundo amwombe azuie avansi.

"Mi peke yangu?" Chef aliuliza.

"Peke yako. Si ni upendo?"

"Na Bongo?" Réseau aliuliza, kwa roho yake safi.

"Bongo, siku ya posa utakaa pembeni ya majani, karibu na wageni," Douane alisema. "Mugeni akiuliza hii ni kitu gani, utamujibu wewe. Na utasema na uzito."

Nikakubali haraka. Niliona nimeponea chupuchupu.

Lilibaki swali la mbegu. Mama Mukamusoni alitupeleka nyuma ya duka. Lile rundo tulilokuwa tumemmwagia Jumamosi kwa ajili ya sungura wake lilikuwa palepale juu ya mawe meusi ya volkano, juani, siku ya tatu bila tone la maji. Kwa pembeni lilikuwa limeanza kushika ardhi. Lilikuwa na maua.

"Sungura bangu bamekula mpaka bamechoka," alisema. "Hii kitu haina haya."

Chef aliinama akaigusa kwa kidole. "Halafu haikufa?"

"Chef," Douane alisema, "mutu yeyote wa Busasamana angekuambia. Hii, ukitaka kuiua, unaibeba mpaka nchi ingine."

Tulipanda siku mbili. Vifundo viwili chini, kimoja juu, nafasi ya mguu. Afande alikuwa anapanga mistari ya gwaride mpaka Douane akamwambia gugu halipigi saluti. Mama Nyirarukundo alimsikiliza Chef mlangoni bila kumkaribisha ndani, kisha akawaambia watu wa ziwa wamngoje hadi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kila asubuhi foleni ya ndoo ilipita mbele ya benchi letu, maji yenye mafuta na punje za wali, na Réseau akawa anatangaza ya nani ni ya nani. Tuligundua kwa njia hiyo ni nani aliyekuwa anakula nyama siku za katikati ya wiki.

Alhamisi ile mama Nyirarukundo alitoka kwenye veranda. Majani yalikuwa bado na uchovu sehemu nyingine, lakini yalikuwa kijani. Alitazama muda mrefu, akamtazama mumewe, akapiga simu ziwani kusema hatakuja. Douane aliingia ndani, na safari hii hakuna aliyedhani machozi yake ni vumbi.

Wageni wa Ijumaa walifika saa tisa alasiri. Maua yalikuwa yamejifunga tangu saa sita. Chef aliwaambia yanapumzika.

"Na yote hii ni masaa mbili tu," alimalizia hotuba yake mbele ya kamera.

"Ni kweli," Douane alisema kutoka mlangoni. "Bao balitumia masaa mbili. Mi, miezi ine." Wakacheka wote, wakaandika kwamba mzee ni mcheshi.

Jumamosi ilikuwa siku yenyewe. Hema mbili, viti vinatazamana, na katikati uruteja umefunguka bluu tupu kwa kuwa ilikuwa saa nne. Douane alikaa kwenye kiti cha baba, suti ya kijivu, mgongo wima. Nilikaa nilipoagizwa, pembeni ya majani, nikiwa nimenyoa. Jirani yangu upande wa wageni alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama Ingabire, bibi wa kutoka milimani, mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Wasemaji walipoanza kurushiana maneno, yeye alikuwa anatazama miguuni pake. Akaniinamia.

"Mwanangu," aliniuliza polepole, "nyumba hii haina jembe?"

Hapo nilidaiwa ule uzito wangu, nikaulipa wote.

"Mama, hilo tumelipanda," nilisema.

"Mmepanda uruteja."

"Ndiyo, mama. Kwa makusudi. Kipande kimoja kimoja, kwa mkono. Tukalinywesha maji ya vyombo siku kumi."

Alinitazama usoni kutafuta mahali pa kucheka, akapaona. Mabega yakaanza kutikisika. Akajifunika mdomo kwa mshanana, vazi lake la kufunga begani, akamnong'oneza aliyefuata, naye akamnong'oneza wa tatu, safu nzima ikawa inatikisika kimya kimya kwa heshima ya wasemaji.

"Mama, nasema kweli," nilisema.

"Watu wa mjini mnajua kufurahisha wageni," alinijibu akifuta machozi, akanipiga kofi la upendo begani. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hakutaka wakwe zake wapya waaibike mbele ya watu, aliinama kitini, akashika uruteja kwa shina, akang'oa. Aliweka fungu la kwanza chini ya kiti, vizuri, mizizi juu. Akashika la pili.

Baba wa binti hasimami wasemaji wakiwa kazini. Douane aliona kutoka kitini kwake, akanitazama mimi tu, na sikuona mzaha wowote machoni pake.

Nilivua viatu. Nilipiga magoti kwenye udongo mweusi, na suruali yangu ya sherehe, mbele ya wakwe, nikachukua lile fungu la kwanza na kutafuta vifundo. Bibi alidhani nimekuja kumsaidia, akanishukuru na kuongeza kasi. Yeye aling'oa, mimi nikapanda nyuma yake, mpaka wasemaji walipokubaliana na Uwimbabazi akatoka kwenye mlango wa baba yake.